Mzazi anahamia kwako Dodoma: kitanda cha mbao, chuma, kamba au cha dukani? Na usiku avae nini

Hili swali linazunguka sana siku hizi kwasababu wengi tumejenga au tumepanga huku Ilazo, Nkuhungu, Nzuguni na kule Kisasa, wazee wako Mpwapwa, Kongwa, Kondoa, ikifika umri fulani au ugonjwa fulani unamwambia mama njoo ukae na sisi chumba kipo, halafu unabaki unakitazama chumba kitupu hujui uanzie wapi. Ukiuliza, kila mtu ana jibu lake tayari. Mmoja anakwambia mninga tu, vingine usipoteze hela. Mwingine anakurushia picha ya kitanda chenye sponji kichwani na droo pembeni. Fundi wa kuchomelea anakwambia chuma hakiliwi na mchwa. Mzee mwenyewe ukimuuliza anasema "mwanangu mimi popote nalala", na hilo wala sio jibu, hataki tu kukugharimu.

Shida ni kwamba wote hao wanajibu swali la kulala. Kwa mtu wa miaka 70 kulala sio kazi, hata kwenye jamvi atalala. Kazi ni kuamka saa nane usiku, giza, goti limekaza, mkojo umembana, na afike chooni bila kuanguka. Kwahiyo humu nalinganisha kwa kuanzia hapo, kitanda kwanza maana ndo chenye maneno mengi, afu godoro, nani alale wapi, na nguo za usiku.

Vigezo

Cha kwanza kimo. Mkalishe mzee kwenye kiti cha plastiki akiwa na ndala zake za kila siku, nyayo zote zimekanyaga chini, chukua futikamba upime kutoka sakafuni mpaka kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Namba hiyo ndo kimo cha kitanda chake, na ni kimo cha juu ya godoro akiwa amekalia, sio kimo cha mbao. Tuseme mama kapimika sentimita 44, na godoro ni la inchi 8, yaani sentimita 20 hivi, akikaa pembeni linabonyea labda mpaka 15, basi chaga zinatakiwa zikae kama sentimita 29 kutoka chini. Zikiwa juu zaidi, mama mfupi miguu inaning'inia, na kushuka kwake kunakuwa ni kujitelezesha sio kusimama. Zikiwa chini sana magoti yanapanda juu kuliko kiuno, hapo kuinuka ni mpaka avutwe mkono. Mwenye nyonga au magoti mabovu muongezee vidole viwili vitatu juu ya kipimo, anainuka kwa urahisi zaidi.

Cha pili ni uwazi chini ya kitanda, na hiki karibu hakuna anayekiuliza. Hebu jaribu hapo ulipokaa, simama bila kurudisha miguu nyuma. Inagoma, au unatumia nguvu ya ajabu. Mtu anaposimama visigino vinaingia kwanza chini ya alichokalia, kwahiyo kitanda kilichozibwa mpaka sakafuni kinamnyima mzee hiyo nafasi.

Cha tatu pembeni pawe imara. Mzee, hasa anayemeza dawa za presha, anatakiwa akae pembeni dakika moja mbili kabla hajasimama, presha ya kusimama ghafla inashuka na kizunguzungu kinampiga. Pembeni pakiwa panazama hawezi kukaa hiyo dakika kwa amani.

Cha nne hali ya hewa yetu. Huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Juni mpaka Agosti usiku joto linashuka mpaka nyuzi 13 hivi na upepo juu yake, Oktoba na Novemba ni joto lenyewe, vumbi msimu wote wa kiangazi, mchwa ndo usiseme. Kingine usafi na kunguni. Na mwisho hela, ila bei sitaji, zinabadilika na ukionekana una haraka zinapanda palepale, nitasema tu kipi kinagharimu kuliko kipi.

Kitanda cha mbao cha fundi

Kuamka: uzuri wake mkubwa ni kwamba unaagiza kimo unachotaka na chini kinabaki wazi. Nenda na namba yako imeandikwa kwenye karatasi. Mwambie fundi "chaga zikae sentimita 29", usimwambie "kisiwe kirefu sana" maana kila fundi ana urefu wake kichwani. Mwambie na kona za mifumbati azipige msasa ziwe duara, muundi wa mzee ukichunika kidonda kinachelewa kupona, na kama ana sukari ndo kabisa.

Hali ya hewa: hapa ndo pa kufungua macho. Mninga na mkongo ni mbao ngumu na mchwa hawazipendi, lakini inayosifiwa ni ile sehemu ya ndani yenye rangi. Ile nyeupe ya pembeni karibu na gome inaliwa bila shida yoyote, na vanishi ya rangi inaificha vizuri mno. Inama uangalie upande wa chini ambao fundi huwa hapaki, ukiona mstari mweupe mpana kwenye mguu au kwenye mfumbati mwambie abadilishe kabla hujalipa salio. Halafu kuna mbao mbichi. Kitanda kimetengenezwa Februari kwenye mvua, mbao haijakauka, kikiingia chumbani kinaonekana safi kabisa, ikifika Agosti ukavu wa huku unaivuta mbao, maungio yanaachia na kila mzee akijigeuza kitanda kinalia kwii kwii. Na wazee wana aibu zao, akisikia kinalia anaacha kujigeuza ili asiwaamshe, asubuhi analalamika mgongo na nyie mnalaumu godoro. Dai maungio ya bolti na nati, yakilegea unakaza mwenyewe kwa spana. Paini inayokuja kutoka Mafinga ni nyepesi na nafuu, shida yake mchwa, kama haijapigwa dawa usiiweke kwenye chumba chenye sakafu iliyopasuka.

Usafi: kunguni wanakaa kwenye maungio na kwenye nyufa za chaga. Chaga zisigongelewe misumari, ziwe za kuchomoa, uzitoe juani.

Hela: mninga ndo ghali kati ya vya fundi, paini iko chini. Mbao ya mninga inatakiwa iwe na nyaraka za uvunaji kutoka TFS, yaani wakala wa misitu wa serikali, ukimuuliza fundi mbao imetoka wapi na akaanza kucheka, umeshapata jibu.

Kinamfaa: mzee anayekuja kukaa moja kwa moja, mwili mkubwa, na wewe una muda wa kusubiri fundi. Ongeza siku juu ya zile alizokuahidi.

Kitanda cha chuma cha kuchomelea

Kuamka: kimo unaagiza vilevile, na kina kitu ambacho mbao inakipata kwa taabu, mkono wa kushikia. Fundi anakuchomelea bomba la mviringo kwenye mfumbati, linapanda mpaka usawa wa kifua cha mzee akiwa amekaa, likae upande anaoshukia, karibu na mahali makalio yanapokaa ili alisukume kwenda chini, asilivute kwa kunyoosha mkono. Muhimu, kati ya hilo bomba na godoro pasibaki nafasi ya mkono au kichwa kuingia na kunasa. Yaani kitu hiki kidogo, kipande cha bomba tu, kwa mzee mwenye magoti kinazidi faida ya mninga wote wa Tabora. Miguu ivalishwe raba, kwenye vigae chuma kinateleza na kukwaruza, na mzee akiegemea kitanda kikasogea ataogopa kuegemea tena.

Hali ya hewa: mchwa hawana habari nacho, kutu huku kavu ni kidogo isipokuwa panapomwagikiwa mkojo. Ila Julai hilo bomba ni baridi kweli kweli, lizungushie kitambaa au tyubu ya baiskeli, mkono ushike vizuri.

Usafi: unamwagia maji yanayochemka kitanda kizima na hakiharibiki, mbao huwezi kuifanyia hivyo mara mbili. Ncha za mabomba zizibwe zote, zikibaki wazi kunguni wanahamia ndani na humo huwafikii.

Hela: katikati. Bei inategemea unene wa bomba, na hapo ndo wanapopunguzia. Bomba jembamba linapinda katikati mtu mzito akikaa pembeni kila siku. Kakae mwenyewe pembeni palepale kwa fundi, mkae wawili, usione haya.

Kinamfaa: mwenye magoti, mwenye kiharusi, aliyetoka kufanyiwa oparesheni, nyumba ya kupanga maana kinafunguliwa na kuhamishwa, na nyumba yenye mchwa sugu. Wazee wengine wanakikataa wanasema ni cha hospitali au cha bweni, msikilize, paka rangi ya kahawia na weka kichwa cha mbao anatulia.

Kitanda cha kamba

Kuna watu watashangaa nimekiweka. Lakini mama wa Kongwa aliyelala kwenye kamba za katani maisha yake yote, na kabla ya hapo kwenye ngozi ya ng'ombe ndani ya tembe, ukimlaza kwenye inchi 10 anasema anazama.

Kuamka: kibaya, tuseme ukweli. Kamba zinabonyea katikati, vingi ni vifupi, na ule mti wa pembeni unaminya paja akikaa. Kamba zikikazwa mara kwa mara na fremu ikainuliwa kinakuwa na nafuu.

Hali ya hewa: Oktoba hakuna kinachokishinda, hewa inapita chini, na chepesi hivyo mnakitoa chini ya mwarobaini mchana. Julai ni baridi kutoka chini, mpaka utandike blanketi chini ya mzee na sio kumfunika juu tu.

Usafi: kamba ni makao ya kunguni, jua kali kila wiki. Akikojoa usiku harufu haitoki, utasuka upya.

Hela: cha chini kuliko vyote, kama mtu wa kusuka unaye.

Kinamfaa: kupumzikia mchana, kwa mzee bado mkakamavu. Kama kitanda pekee cha usiku kwa mtu mwenye magoti mabovu sikishauri, ila kama ndicho anachokitaka na anainuka mwenyewe, mwache nacho.

Kitanda cha dukani

Hivi vya mbao za kubandika na sponji kichwani, tano kwa sita au sita kwa sita, vinapendeza kwelikweli na mama akionyeshwa dukani anatabasamu, hilo nalo ni la kuhesabu.

Kuamka: kimo umepangiwa, huagizi. Vingi vimezibwa mpaka chini au vina droo, visigino havina pa kuingia. Pembeni pana ukingo mpana umezidi godoro, mzee akikaa anakalia ukingo, akiinama mbele hana pa kushika. Ukipata chenye miguu mirefu na ukingo mwembamba hayo yote yanaisha, vipo, tafuta.

Hali ya hewa na usafi: sponji ya kichwani inakusanya vumbi la kiangazi, mwenye pumu au mafua ya vumbi ataamka anapiga chafya. Mbao za kubandika zikilowa maji au mkojo zinavimba na skrubu zinaachia. Faida yake ni kwamba maungio yake yamebana, hakipigi kelele kikiwa kipya, na droo zinahifadhi mablanketi kwenye nyumba isiyo na kabati.

Hela: kinakaribia mninga, wakati mwingine kinapita, ila unalipa leo unalala leo.

Kinamfaa: mzazi bado ana nguvu zake, anakuja na kuondoka, chumba kikitumika pia kwa wageni, au wazazi wote wawili wanaopenda kulala pamoja.

Godoro

Hapa kuna imani moja imekita mizizi, eti mwenye mgongo alale kwenye godoro gumu kama ubao. Kuna utafiti ulifanyika Hispania ukachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2003, watu 313 wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini, nusu wakapewa godoro gumu nusu la ugumu wa kati, baada ya siku 90 wa ugumu wa kati ndo walikuwa na nafuu zaidi. Kwahiyo lile gumu kupita kiasi wanalokuuzia kwa jina la tiba sio lazima.

Sponji nyepesi ni nafuu na ndo inayojaa madukani, lakini sehemu ya makalio inafanya bonde mapema na pembeni panazama, kwa mgeni wa wiki inatosha. Sponji nzito ya ugumu wa kati ndo inamfaa mzee wa kukaa, jipimie kwa kukaa pembeni kabisa uone kama unateremka, na uliinue, godoro zito la inchi 6 lina maisha kuliko jepesi la inchi 10 (na inchi 10 linakuharibia hesabu ya kimo uliyoipiga juu). La springi linapitisha hewa Oktoba na pembeni liko vizuri, ila kuligeuza ni kazi ya watu wawili, na likichoka springi zinaanza kuchoma mbavu.

Anayevujwa mkojo, weka makintoshi ile ya hospitali chini ya shuka, upana wa katikati tu, juu yake kanga iliyokunjwa mara mbili, usivalishe godoro zima plastiki atatokwa jasho usiku kucha. Na kwa mzee asiyejigeuza mwenyewe, hapo usitegemee godoro lolote la duka la samani, ni kumgeuza kila baada ya masaa mawili, na lile godoro la upepo lenye mota linasaidia kuzuia vidonda ila linahitaji umeme muda wote, umeme ukikatika linalegea, kwahiyo chini yake pawe na sponji.

Nani alale wapi

Peke yake kwenye chumba chenye choo ndani. Kwa kuamka usiku hakuna kinachozidi, na kwa heshima yake pia. Tatizo choo cha ndani kwa nyumba zetu nyingi kiko kwenye chumba chenu nyie wenye nyumba, na ukimpa mama mkwe chumba chenu hataingia, anaona haya kulala mahali mkwe wake analala, mtabishana mpaka usiku. Usimlazimishe. Chumba kilicho jirani na choo cha korido, na taa ya chaji inayowaka yenyewe mtu akipita, kinatosha, na kama choo kiko uani weka kiti cha choo chumbani, fundi anakata tundu kwenye kiti imara cha mbao na ndoo yenye mfuniko inakaa chini. Mwanzoni atakataa. Kiweke tu, funika na kanga, usiku wa baridi kali atakitumia bila kukwambia.

Na mjukuu chumba kimoja, vitanda viwili. Wazee wengi wanapenda, hasa mama aliyezoea nyumba yenye watu, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuja kugonga kwenu bibi akianguka. Kitanda kimoja na mtoto mdogo sikipendi, mtoto anapiga mateke, bibi anasogea pembeni pembeni mpaka anaanguka. Na usimgeuze mjukuu nesi, kumpeleka bibi chooni usiku kucha wakati asubuhi ana shule.

Wazazi wote wawili. Tano kwa sita moja wanalala pamoja kama walivyozoea, joto wanapeana, ila mmoja akiamka mara nne kukojoa mwenzake naye kaamka mara nne. Vitanda viwili vya tatu na nusu kwa sita chumba kimoja vinaleta usingizi, mkivisogeza vikagusana hakuna atakayesema mmewatenganisha. Anayeamka sana awe upande wa mlango. Na aliyepata kiharusi, kitanda kikae ukutani kwa namna kwamba upande anaoshukia ni ule wa mkono wake wenye nguvu.

Chandarua, maana nacho kinaangusha watu. Cha duara kikining'inia mpaka sakafuni mguu unanasa. Cha pembe nne kilichochomekwa chini ya godoro pande tatu na upande wa kushukia ukafunguka ni salama zaidi kwa mzee.

Nguo za usiku

Vigezo vitatu tu, urefu usimkwaze, vifungo asihangaike navyo gizani, kitambaa kinywe jasho na kitunze joto.

Dera ndo mama wengi wanalala nalo. Pana, linapandishwa haraka chooni, halibani popote. Lakini refu mpaka chini, mama akiinuka anakanyaga pindo lake mwenyewe na kurudi kitandani kwa kishindo, na mengi ni ya kitambaa chepesi cha kuteleza, Julai baridi inapita tu. Dawa ni kumpelekea fundi cherehani alikate liishie katikati ya muundi. Dakika kumi.

Gauni la kulalia la pamba lenye vifungo mbele mpaka kifuani ni zuri kwa mwenye bega lililoganda, halihitaji kunyanyua mikono. Vifungo viwe vikubwa. Kuyapata mapya ya pamba tupu ni taabu kidogo, kwenye mitumba unapata ya flaneli nzito nzuri mno kwa kipupwe, kagua lastiki za mikono kama hazijaoza.

Pajama na suruali za traki, baba wengi wa huku wanapenda traki. Kwa baridi hazina mpinzani. Kwa choo cha haraka ni polepole, na ile kamba ya kiunoni ikikaza fundo, vidole vyenye baridi yabisi havifungui, toa kamba weka lastiki laini. Urefu uishie kwenye kifundo.

Msuli kwa wazee wa Kondoa waliouzoea, na kanga kwa mama, ni pamba, unafua unakauka saa hiyohiyo, bei nafuu. Tatizo vinalegea usingizini na akisimama vinadondoka miguuni. Avae juu ya bukta au gagulo, akisimama avikaze kabla ya hatua ya kwanza.

Soksi za kawaida kwenye vigae ni kuteleza, tafuta zenye vidoti vya raba chini au avae ndala yenye mkanda wa nyuma. Kwa kujifunika, shuka la kimasai mbili ni bora kuliko blanketi moja zito, mwenye mikono dhaifu anaweza kutoa moja peke yake. Na hili nalisema kwa msisitizo, usimwekee mzee jiko la mkaa chumbani apate joto Julai halafu mkafunga dirisha. Kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina harufu, anapitiwa na usingizi haamki. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo inatosha.

Sasa wewe uko kwenye hali gani

Mama bado ana nguvu, anakuja miezi michache kisha anarudi kulima: usimtengenezee kitanda, chukua cha dukani chenye miguu au cha paini, godoro la inchi 6, kata dera lake.

Magoti au kiharusi: chuma chenye mkono, kimo kwa kipimo, godoro la sponji nzito, gauni la vifungo au traki ya lastiki. Hapa hela ikiwa ndogo punguza kwingine kote usipunguze kwenye mkono wa kushikia.

Amekuja kwa maisha yote na mna nafasi: mninga ulioukagua chini, tatu na nusu au nne kwa sita. Usiwe na haraka, agiza kiangazi mbao zikiwa zimekauka.

Amelala tu, hainuki: kimo kinabadilika, sasa kinakuwa ni cha mgongo wako wewe unayemgeuza na kumwogesha. Kiinue mpaka usawa wa kiuno chako. Chuma kinafaa zaidi, na uweze kuzunguka pande zote mbili.

Mko nyumba ya kupanga, hela hakuna kabisa, na kitanda kilichopo kina kimo kibaya: kikiwa kifupi fundi anaongezea vipande vya miguu vya mbao vilivyotobolewa tundu mguu ukaingia ndani, usitumie matofali yaliyolegea. Kikiwa kirefu kata miguu, yote minne kwa kipimo kimoja, na jaribu kukikalia kabla mzee hajakikalia.

Mzee amegoma kuhama, yuko kijijini kwenye kitanda chake cha kamba: pima goti lake ukienda, kaza kamba, inua fremu kwa hizo hizo miguu za kuongezea, mpelekee shuka mbili, soksi za raba na taa ya sola ya kuning'iniza karibu na kichwa, swichi aifikie akiwa amelala.